Kupiga ribiti za mabati ya bawa la RV-7 ukiwa peke yako: mpangilio, vifaa na yanayoharibika

MbavuSita (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Bawa la kushoto la RV-7, ndege ndogo ya kujijengea, liko kwenye stendi limesimama wima, boriti kuu chini, boriti ya nyuma juu. Mabati manne ya nyuma ya boriti kuu (mawili ya juu, mawili ya chini) yameshatobolewa, yamesafishwa makali ya matundu, yamepigwa vibonyeo (vishimo vya kulaza kichwa cha ribiti) na praima imekauka. Karakana ni ya mtu mmoja. Msaidizi anapatikana kwa kubahatisha, labda Jumapili.

Vifaa vilivyopo: bunduki ya upepo ya kugongea ribiti, saizi ya 3X, kibanio cha upepo chenye taya ya inchi 3, chuma cha kukingia cha tangsteni cha kilo moja na kidogo, bamba la chuma la kugongea mezani, kleko (pini za kushikiza mabati kwa muda) za inchi 3/32 za kutosha. Ribiti ni AN426AD3-3.5 (kichwa bapa, kipenyo inchi 3/32) karibu kote.

Naomba mwongozo: kipi kinapigika na mtu mmoja, kianze kipi, na wapi ni lazima kusubiri mtu wa pili?

---

FundiAlumini

Mkuu, sehemu kubwa utaipiga mwenyewe. Kinachoamua hapa ni urefu wa mkono wako kuliko kitu kingine chochote. Pima kutoka kwapani hadi kwenye ngumi iliyoshika chuma. Kisha pima kutoka ukingo wa boriti ya nyuma hadi mstari wa ribiti za boriti kuu. Ribiti yoyote ambayo kipimo cha pili kinazidi cha kwanza, iweke alama ya kalamu kwenye bati sasa hivi. Hizo ndizo za msaidizi au za kutafutiwa njia nyingine. Usigundue jambo hilo ukiwa umeshafunga nusu ya bati.

Ribiti ambazo taya ya kibanio inafika, zibane, usizigonge. Kibanio hakiyumbi, hakikwaruzi bati na hakihitaji mkono wa pili ndani. Kingo zote zilizo wazi ni zake: ncha za bati, mbavu ya mwisho upande wa mwili wa ndege kabla haijazibwa, na boriti ya nyuma pale taya inapopita. Ukipata taya ya inchi 4 unaongeza safu nzima ambazo ungezipiga kwa bunduki.

Vipande vinavyolala mezani vyote, kama vile vikaza-bati vya flapu, eleroni na tangi, vipige kwa nyuma juu ya bamba. Bati chini, kichwa cha ribiti kimeshikwa na utepe kikielekea bamba, bunduki yenye seti (kipande cha mbele kinachogonga) ya kugonga kwa nyuma inapiga mkia, yaani ncha ya ribiti inayopondwa. Kazi hiyo ya mtu mmoja inatoka laini kuliko zote. Angalizo moja: hakikisha kila mara kwamba ribiti iko juu ya bamba. Ukivuka ukingo wa bamba ukagonga, mbao ya meza inabonyea, bati linapata shimo na hakuna dawa.

Zinazobaki ni za bunduki mkono mmoja na chuma mkono mwingine.

Mabati ya juu kwanza. Upande wa chini bado uko wazi kabisa, kwa hiyo mwanga unaingia na macho yanaona mkia. Weka kleko kila tundu, bati lote, ndipo uanze kupiga. Wengi wanaweka kila tundu la tatu kuokoa muda, kisha wanashangaa matundu ya mwisho hayalingani. Ukishaanza kupiga, toa kleko tundu moja moja.

Anzia ubavu wa katikati wa bati, uende nje pande zote mbili kwa zamu. Bati likiwa na ziada ya unywele, ziada hiyo inasukumwa kwenye kingo. Ukianza pande mbili ukamalizia katikati, ziada inakwama hapo na bati linapiga kelele kila ukilibonyeza kwa kidole. Kasoro hiyo haitoki tena bila kung'oa.

Panda kwenye kistuli imara hadi kwapa liwe juu ya boriti ya nyuma. Bunduki iwe mkono wa nje, chuma mkono unaopita juu ya boriti na kushuka ndani. Anza na ribiti za chini kabisa, kwenye boriti kuu, wakati bega halijachoka, kisha panda na ubavu kuelekea juu.

---

SetiBapa

Kuongezea hapo kwa FundiAlumini: badilisha mikono kadiri ubavu unavyogeuka. Kingo za mbavu zimekunjwa upande mmoja tu, hivyo kuna upande wenye nafasi na upande wa mgongo wa ubavu. Mkono wa chuma lazima uje kutoka upande ambao mkunjo unaelekea. Anayetumia mkono wa kulia pekee kwa bunduki atajikunja shingo bure, na nusu ya ribiti zake zitalala upande.

---

Kompresa50

Presha ngapi kwa 3X kwenye ribiti za 3/32? Nimeona watu wanasema 90, wengine 25.

---

SetiBapa

90 ni ya kibanio. Kwa bunduki ya 3X kwenye ribiti ya 3/32 anzia kati ya 30 na 40 psi, isome kwenye rekuleta bunduki ikiwa inafanya kazi, kwani ikitulia geji inadanganya. Chukua mabaki mawili ya bati, moja la unene wa inchi 0.032 na moja la 0.025, piga vibonyeo, kisha piga ribiti kumi kumi kwa kila presha. Presha sahihi ni ile inayomaliza ribiti kwa mpigo mmoja wa sekunde moja hadi mbili hivi.

Presha ndogo mno si usalama. Aloi ya AD (herufi zilizo kwenye namba ya ribiti) inakuwa ngumu kadiri inavyogongwa. Ukiipapasa kwa sekunde sita, mkia unagoma kupanuka, nawe unaongeza nguvu mkononi, chuma kinateleza, bati linaharibika. Kubwa mno nayo inapiga kabla chuma hakijatulia.

Kipimo cha mkia uliopigwa: upana mara 1.5 ya kipenyo cha ribiti, kimo nusu ya kipenyo. Kwa 3/32 ni milimita 3.6 upana na 1.2 kimo. Kwa 1/8 ni 4.8 na 1.6. Tengeneza geji yako: kipande cha bati cha unene wa milimita 1.2, toboa tundu la 3.6. Unene unakupa kimo, tundu linakupa upana, na inaingia mahali ambapo kalipa haipiti. Mkia ukipenya tundu kwa ulegevu haujapigwa vya kutosha.

Urefu wa ribiti nao uhesabu, usikariri. Unene wa tabaka zote jumlisha mara 1.5 ya kipenyo. Bati la 0.032 na mkunjo wa ubavu wa 0.025 ni inchi 0.057. Ongeza 0.141 unapata 0.198. Ribiti ya -3 (namba ya mwisho ni ya urefu) ina 0.1875, fupi. Ya -3.5 ina 0.219, hiyo ndiyo. Kwenye mwingiliano wa mabati mawili, tabaka zinakuwa tatu, jumla inafika 0.223, hapo jaribu -4 kwenye mabaki kabla ya kugusa bawa.

---

MbavuSita

Shukrani wakuu. Na mkono wa chuma? Hapo ndipo napata shaka, maana siuoni mkia wakati mkono uko ndani hadi begani.

---

FundiAlumini

Utaufanya kwa hisia, na hisia ina mpangilio wake.

Bunduki kwanza: seti bapa inayoyumba yenye ukingo wa mpira, ibane juu ya kichwa cha ribiti hadi mpira ubonyee wote. Mpira usipobonyea sawa pande zote bunduki imelala upande. Kisha chuma: kiguse mkia, kizungushe kidogo kulia na kushoto, juu na chini, hadi usikie kimekaa bapa. Ukikiinamisha kidogo unasikia kona ya mkia inagusa, ukikirudisha unasikia uso mzima. Ndipo uvute kifyatulio. Achia kifyatulio kabla ya kuondoa chochote, na bunduki ndiyo ya mwisho kutoka.

Mkono wa bunduki usukume kidogo zaidi ya mkono wa chuma. Ukigeuza, kichwa kinanyanyuka kutoka kwenye kibonyeo na utakipata kimesimama juu ya bati.

Mwache mkono wa chuma ulegee kiwikoni, uzito wa chuma ufanye kazi. Ndiyo faida ya tangsteni: kwa ujazo uleule ni nzito zaidi ya mara mbili ya chuma cha kawaida, kwa hiyo kipande kidogo kinapita kwenye tundu la ubavu na bado kinakinga. Zungushia utepe kwenye kingo zote isipokuwa uso unaogonga, maana utakiangusha ndani ya bawa, si kama bali lini.

Mpigo wa kwanza uwe mfupi, robo sekunde. Toa mkono, tazama kwa kioo na tochi. Mkia ukiwa umeanza kulala unaonyooshwa sasa kwa kuinamisha chuma upande wa pili. Ukimaliza sekunde mbili nzima ndipo uangalie, umeshachelewa. Ukishapiga safu mbili tatu za namna hiyo sikio litakwambia: mlio unabadilika kutoka mzito kwenda mkali mkia unapofika kimo.

Vizibo vya masikio viwe vya kuingiza NA vya kufunika juu. Bawa lililofungwa upande mmoja linarudisha sauti yote kwako.

---

BambaJuuChini

Kwa nini mateso yote haya? Lilaze bawa, mabati ya juu yakitazama chini, sukuma bamba chini ya kila mstari, gonga kwa nyuma kutoka juu kwa seti ndefu iliyopinda. Mtu mmoja, mkono mmoja, uso wa bati unatoka kama kioo.

---

FundiAlumini

Nimeona wanaofanya hivyo, na kwenye usukani wa mkia ambao mabati yake ni bapa inakubali. Bati la juu la bawa lina mviringo. Bamba bapa linaligusa kwenye mstari mmoja tu, na uzito wa bawa zima unakaa kwenye mstari huo. Ukisogea sentimita mbili kichwa cha ribiti hakigusi bamba bali hewa. Unachopiga hapo ni kibonyeo, si ribiti. Tena bawa likishalala huwezi kuona upande wa kichwa hadi ulinyanyue.

Kugonga kwa nyuma kwenye mabati ya juu kuna maana ukiwa na mtu wa pili: yeye nje na chuma kizito chenye uso uliong'arishwa, wewe ndani na seti ndefu. Uso unatoka laini kweli, nakubali. Ukipata Jumapili mbili za msaidizi, zitumie kwenye mabati ya juu kwa njia hiyo, kwa kuwa ndiyo yanayoonekana. Ya chini hayatazamwi na mtu.

---

BambaJuuChini

Sawa, kuhusu mviringo umenishika. Ila ukichonga kitanda cha mbao kufuata mviringo wa mbavu na kupachika vipande vyembamba vya chuma kwenye kila mstari wa ubavu?

---

FundiAlumini

Hapo unajenga kifaa kikubwa kuliko kazi. Kwa mabawa mawili haikulipi.

---

KiwikoNdani

Tuje kwenye mabati ya chini, maana ndipo wapiga peke yao wanapokwama. Bati la chini linafunga sanduku. Kila ribiti unayopiga inapunguza nafasi ya mkono, kwa hiyo kanuni ya kuanzia katikati haitumiki tena. Unaanzia mbali zaidi na mlango, unarudi kuelekea mlango.

Kwa stendi ya MbavuSita mlango uko juu, kwenye boriti ya nyuma, na ubavuni kuelekea mwili wa ndege. Anza na bati la nje, la upande wa ncha. Lifunge kleko lote kwanza kuhakikisha limekaa. Kisha fungua kleko za juu na za upande wa ndani, ulikunjue taratibu kama jani la kitabu, ulishike na kamba laini au vibanio vya mbao visivyokwaruza. Mkunjo uwe mpana. Ukilikunja kwa kona kali linabaki na alama ya mstari.

Piga kona ya chini ya nje: ribiti chache za boriti kuu, chache za ubavu wa mwisho. Endelea kwa mshazari, hatua moja kwenye boriti kuu kwenda ndani, hatua moja juu kwenye ubavu uliotangulia. Mstari wa ribiti zilizokwisha kupigwa unakuwa kama ngazi inayopanda kutoka kona kwenda kona. Kila ukisogea ubavu mmoja, fungia kleko za ubavu unaofuata kabla hujapiga, hakikisha bati limelala bila uvimbe kati ya mbavu, ndipo upige.

Mstari wa mwisho juu, kwenye boriti ya nyuma, ubaki wote kwa kibanio.

Mstari wa mwingiliano wa mabati mawili USIPIGE bado. Uache na kleko hadi bati la ndani liwe mahali pake, kwani ribiti zilezile zinashika yote mawili. Bati la ndani unalifanya vivyo hivyo: unaanzia kwenye mwingiliano, unarudi kuelekea mwili wa ndege. Chumba cha mwisho unakifikia kwa mkono kupitia ubavu wa mwisho wenye tundu kubwa.

Jambo linalosahaulika: kingo za mwingiliano zipitishie kirola cha kukunja ukingo kidogo sana kabla ya kuzifunga. Bati linabana chini lenyewe kati ya ribiti na ribiti. Usipofanya, ukingo unatoa midomo midogo midogo ambayo rangi haifichi.

---

MbavuSita

KiwikoNdani umemaliza kabisa hilo. Na boriti kuu yenyewe? Mkunjo wake ni mnene, haukupigwa vibonyeo.

---

KiwikoNdani

Ndiyo, kwenye boriti kuu unachimba kikombe cha nyuzi 100 kwa kichimbio chenye kizuizi. Kikombe cha kupokea kibonyeo cha bati ni kirefu kuliko cha kupokea kichwa cha ribiti, kwa takribani inchi 0.007. Chimba kidogo kidogo, ukipima kwa kipande cha bati chenye kibonyeo, hadi kipande kilale bila kucheza. Ukiacha kikombe kifupi bati linabaki limeinuka na hakuna presha ya bunduki itakayolilaza.

---

BandaLaPwani

Wadau wa Mombasa, Tanga na Dar msome hapa. Joto lina kazi yake kwenye jambo hili. Alumini inatanuka sehemu 23 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Bati la mita 2.4 likipigwa na jua la mlangoni likazidi fremu kwa nyuzi 15, limerefuka karibu milimita 0.8. Ukilifunga hivyo, jioni likipoa linajivuta na mbavu zinavutwa nalo. Kinyume chake, fremu ikiwa na joto na bati limetoka kivulini, mchana unaofuata bati linatoa mawimbi. Bawa na bati vikae chumba kimoja, kivulini, usiku kucha. Piga asubuhi. Funga mlango.

Pili ni maji kwenye upepo. Kompresa ya pwani inajaza maji kwenye tangi kwa siku moja. Fungua koki ya chini kila asubuhi na kila mchana, weka kichujio cha maji kabla ya rekuleta, na tone moja mbili za mafuta ya bunduki kwenye kiingilio kila unapoanza. Bunduki yenye maji inakohoa katikati ya mpigo, na mkohoo mmoja unatosha kuacha alama ya mwezi mchanga pembeni ya kichwa.

Tatu, kleko za chuma zisikae kwenye bati miezi mitatu kwenye hewa ya chumvi. Zinaacha duara la kutu kwenye kila tundu. Na vumbi la drili lililobaki kati ya tabaka linakula alumini taratibu, kwa hiyo tenganisha mabati, futa, ndipo ufunge.

---

GejiNaKioo

Yanayoharibika, kwa faida ya watakaosoma baadaye.

Alama ya mwezi pembeni ya kichwa: bunduki imelala upande, au seti haina ukingo wa mpira. Ikiwa ni alama nyepesi isiyokatika, ing'arishe kwa msasa laini. Ikiwa ni mkato unaoshika ukucha, inahitaji uamuzi wa mtu anayejua mabati.

Kichwa kimesimama juu ya bati: kibonyeo hakikukamilika au mkono wa chuma ulisukuma kuliko bunduki. Ukiona vichwa vyote vya safu moja vimesimama, usilaumu mkono. Rudi kwenye zana ya vibonyeo. Kwenye fremu ya nyundo hakikisha pigo la mwisho lilikuwa thabiti. Kibonyeo kizuri kina ukingo mkali unaoakisi taa kama duara kamili.

Mkia umelala kama kisigino: chuma hakikuwa bapa. Kama umefunika tundu lote na una upana na kimo kinachoruhusiwa, mara nyingi kuuacha ni afadhali kuliko kuung'oa. Tundu linaloharibiwa kwa kung'oa ni hatari kubwa kuliko mkia uliolala kidogo.

Uvimbe kati ya tabaka: mabati hayakuwa yamebanana na mkia umejaa katikati. Huu haukubaliki kabisa, lazima utoke. Dalili yake ni kwamba mkia unaonekana mfupi ingawa umeupiga muda wa kawaida, na ukipitisha karatasi nyembamba pembeni inaingia. Kinga yake ni kleko pande zote mbili za tundu unalopiga.

Bonde kuzunguka ribiti nzima: presha kubwa, au chuma kilikuwa bado hakijagusa ulipovuta kifyatulio. Hili ndilo kosa kuu la wanaopiga peke yao.

---

Kompresa50

Na kung'oa kwenyewe?

---

GejiNaKioo

Biti namba 40, au 41 kama mkono wako hautulii. Kuna kijitundu katikati ya kichwa cha ribiti ya AD, hicho ndicho kianzio chako. Zungusha biti kwa mkono kwanza ikae katikati. Toboa kina cha kichwa tu, si zaidi. Ingiza panchi nyembamba kwenye shimo, iinamishe, kichwa kinakatika. Kisha chuma cha kukingia upande wa ndani PEMBENI ya mkia, mkia ukiwa huru, na gonga panchi mara moja au mbili kwa nyundo nyepesi. Ukigonga bila kukinga unapinda mkunjo wa ubavu, ambao ni bati la 0.025.

Mkia ukigoma, usiulazimishe. Toboa zaidi, au ukate kwa kikatio upande wa ndani.

Tundu likipanuka, tumia NAS1097AD4: mwili wa 1/8, kichwa kidogo kinachokaribiana na cha 3/32. Toboa kwa biti namba 30, kibonyeo kilichopo kinakipokea. Weka hamsini kwenye droo, za -3.5 na -4. Ila usifanye mazoea ya kung'oa mara mbili tundu lilelile. Mara ya pili ikishindikana, simama, andikia kiwanda.

---

DadaSkrubu

Samahani wakuu, swali la mgeni. Kwa nini msitumie ribiti za pop sehemu ngumu? RV-12 na Zenith CH 750 zimejengwa kwa ribiti za kuvuta. Sling 4 ambayo vijana wa Afrika Kusini waliiunganisha wakairusha Cape Town hadi Cairo mwaka 2019 nayo ni ya kuvuta. Hazihitaji mtu ndani.

---

KiwikoNdani

Swali zuri dada. Ndege hizo zimehesabiwa tangu mwanzo kwa ribiti za kuvuta: umbali kati ya tundu na tundu, unene wa bati, aina ya ribiti. RV-7 imehesabiwa kwa ribiti imara. Huwezi kubadilisha safu nzima kwa sababu mkono haufiki.

Ribiti mbili tatu za kona ni habari nyingine. Kuna ribiti za kuvuta za daraja la muundo wa ndege, mfano CherryMAX CR3212 yenye kichwa bapa cha nyuzi 100, ambayo msumari wake wa ndani unafungwa na pete na unabaki humo ukibeba mzigo. Kipimo cha 1/8 kinaingia tundu la biti namba 30. Ina bei, na inataka kivutio chake. Waandikie wabunifu ukitaja bati, ubavu na namba ya tundu, usubiri jibu kwa maandishi, uliweke kwenye faili la ujenzi. Ribiti za duka la vifaa vya ujenzi zisikaribie bawa: msumari unadondoka, kinachobaki ni bomba tupu.

---

GejiNaKioo

Jambo jingine kwa anayenunua vipande vya ndege vya mtu aliyekata tamaa katikati ya ujenzi. Mwaka 2023 Van's, kiwanda cha ndege za RV, ilitangaza kwamba baadhi ya sehemu za matundu yaliyokatwa kwa leza zilipata nyufa wakati wa kupiga vibonyeo. Kagua kila kibonyeo kwa lenzi ya mara 10 kabla ya kufunga, hasa kwenye ukingo wa tundu, na linganisha namba za sehemu na orodha ya kiwanda. Ufa ukishafunikwa na kichwa cha ribiti hauonekani tena.

---

MbavuSita

Nimepata ramani. La mwisho: tangi la mafuta lina gundi ya kuziba. Hilo nalo mtu mmoja?

---

BandaLaPwani

Vikaza-bati vya tangi ndiyo, kwa nyuma juu ya bamba, bila haraka. Mbavu za tangi zinawezekana pia, kwani nyuma ya tangi iko wazi hadi uweke bamba la kufungia na mkono unaingia vizuri. Adui ni saa.

Gundi ya daraja B-2 inakupa saa mbili za kufanyia kazi kwenye nyuzi 25. Kila joto likipanda nyuzi tano hadi sita, muda huo unakatika karibu nusu. Banda lenye nyuzi 32 mchana linakuachia kama dakika 50, na mtu mmoja hamalizi mbavu mbili.

Kwa hiyo ubavu mmoja kwa mchanganyiko mmoja. Uwiano ni 10 kwa 1 kwa uzito, upimwe kwa mizani ya gramu. Gramu 30 za gundi na 3 za kikaushi zinatosha kuanza, ongeza ukiona haifiki. Changanya hadi rangi iwe moja bila michirizi. Ribiti zote za ubavu huo ziwe zimehesabiwa kwenye kikopo, kleko za akiba zimepakwa nta, kitambaa na kiyeyushi cha MEK karibu, glavu jozi tatu. Paka ukingo wa ubavu, shusha, funga kleko kila tundu la pili, chovya kila ribiti kwenye gundi kidogo, piga. Kila ribiti tano futa uso wa seti na uso wa chuma. Gundi ikijikusanya pale chuma kinateleza, nawe huna mkono wa tatu wa kukishika. Ukimaliza, zungushia kila mkia kofia ya gundi na upitishe utepe wa gundi kwenye kona yote ya ubavu na bati, kabla haijaanza kushika.